Mbwa wangu apande ndege, binti yangu abaki?

Mpendwa Mshauri,

Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo wenzangu kazini hulicheka kila ninapoligusia, na ambalo nyumbani kwa wakwe zangu limeanza kuzua maneno. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 37, ninaishi Nakuru, na ni mjane. Baada ya kusoma Kijerumani kwa muda mrefu, nyakati nyingine nikitoka zamu ya usiku na kuingia darasani bila kulala, nimepata mkataba wa kazi katika hospitali moja mjini Hannover, Ujerumani. Sasa ni mwishoni mwa Januari, nami natakiwa kuripoti mwanzoni mwa Aprili.

Nina binti mmoja wa miaka 11, ambaye yuko Gredi ya Sita. Tumekubaliana kwamba abaki Kakamega kwa mama mkwe wangu hadi amalize KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita, mwishoni mwa mwaka, kisha nikishapata nyumba na hati zake zikikamilika, aje tuishi pamoja. Uamuzi huo ulinitoa machozi, lakini niliufikia nikiwa na akili zangu na ninausimamia. Kinachoninyima usingizi ni mbwa wetu.

Anaitwa Bosi. Ni mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kahawia na kifua cheupe, ana miaka 6 na uzani wa kilo 22. Marehemu mume wangu ndiye aliyemleta, akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kofia ya pikipiki. Mume wangu alipofariki, Bosi alikataa kuondoka pale varandani zilipokuwa gambuti zake, hata tukawa tunampelekea chakula huko. Ninapotoka zamu ya usiku, huwa ameshasimama kwenye geti la ploti kabla bodaboda haijazima injini. Usiku hujinyoosha mlangoni pa chumba cha binti yangu, na ukitaka kuingia ni lazima umruke.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema na amenishika mkono tangu nilipofiwa. Hata hivyo, kwake mbwa ni wa nje: hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na hula makombo ya ugali. Aliposikia kwamba ninaulizia gharama ya kumsafirisha Bosi, alinyamaza kwanza, kisha akasema mbele ya shemeji zangu, “Kwa hivyo mbwa apande ndege, na mjukuu wangu abaki hapa akichota maji?” Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo nikipiga simu huko, mazungumzo huwa mafupi.

Ajabu ni kwamba binti yangu mwenyewe ndiye anayenisukuma nimchukue. Ameniambia, “Mama, enda na Bosi. Mimi nitakuwa na kukhu (nyanya) na binamu zangu. Wewe hutakuwa na mtu.”

Nimezungumza na wakala mmoja wa kusafirisha wanyama, ambaye ameniambia kazi yote itagharimu shilingi 350,000. Anasema kadi niliyopewa Bosi alipochanjwa bure katika kampeni ya kichaa cha mbwa mwaka jana inatosha, na kwamba palipo na upungufu, tarehe “zitarekebishwa”. Anasema pia kwamba Bosi atapewa dawa ya usingizi ili asihangaike angani. Jirani yangu, kwa upande wake, anashikilia kwamba mbwa hufa kwa baridi huko kwenye mizigo, na mwingine ananiambia kwamba Ulaya hawapokei mbwa asiye na ukoo unaojulikana. Fedha hizo ninazo, ila ndizo nilizoweka kwa ajili ya karo na nauli ya binti yangu. Wakala bado sijamlipa.

Nikimwacha Bosi, nitahisi kwamba nimeacha wawili. Nikimchukua, nitaonekana nimemchagua mbwa badala ya mtoto. Naomba unisaidie kufikiri.

Mama Mwenye Safari,
Nakuru

*

Dada yangu,

Pole kwa maneno uliyoyavumilia, na hongera kwa mkataba. Anayekucheka kwa kumhangaikia mbwa hajui jinsi nyumba yenye msiba inavyojipanga upya, wala ni nani au nini inachoegemea wakati huo. Sitakucheka. Nitaanza na upande mkavu wa jambo hili, upande wa tarehe na vyeti, kwa sababu nikisoma barua yako naona kwamba unajitesa kwa kuchagua kitu ambacho, kwa mwezi wa Aprili, kalenda imekwisha kukuondolea mkononi.

Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya huzihesabu kuwa na hatari ndogo ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa anayetoka kwetu kwenda Ujerumani hupitia hatua zinazofuatana, na hakuna inayoweza kurukwa. Kwanza huwekwa chipu chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15. Pili huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo haihesabiki ikiwa ilitolewa kabla ya chipu. Tatu, baada ya siku 30 au zaidi tangu chanjo, hutolewa damu ambayo hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kinga inayopatikana ndani yake ni lazima ifikie walau 0.5 IU (kizio cha kimataifa cha kupimia kinga) kwa kila mililita. Nne, hata majibu yakiwa mazuri, ni lazima ipite miezi 3 kamili tangu siku ile damu ilipotolewa ndipo mbwa aruhusiwe kuingia. Mwisho, karibu na safari, hupatikana cheti cha afya chenye sahihi ya daktari wa mifugo wa serikali, kupitia Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, na cheti hicho hutumika ndani ya siku 10 tu kabla ya kuingia Ulaya.

Hesabu mwenyewe. Kadi ya kampeni ya mwaka jana ni jambo jema kwa afya ya Bosi na kwa majirani zako, lakini ikiwa hakuwa na chipu siku hiyo, kwa safari hii haina uzito. Ukimpeleka kwa daktari wa mifugo hapo Nakuru wiki ijayo akawekwa chipu na kuchanjwa upya, damu yake itatolewa mwanzoni mwa Machi, na mlango utafunguka mapema Juni. Wewe Aprili utakuwa tayari umo wodini Hannover. Kwa njia iliyo halali, Bosi hawezi kupanda ndege pamoja nawe katika safari hiyo ya kwanza.

Ndiyo sababu wakala wako anazungumzia kurekebisha tarehe. Naomba tusimame hapa kidogo, maana barua yako imelipita jambo hili upesi mno. Mbwa anayefika uwanja wa ndege wa Frankfurt na hati zisizolingana na namba ya chipu au na majibu ya maabara anaweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, na palipokosekana njia nyingine, sheria inaruhusu auawe. Wakala hatakuwa pale. Atakayekuwa pale ni wewe, mgeni mwenye viza mpya na kazi mpya, ukiwa na karatasi ya kughushi yenye jina lako. Tena sharti lile la kinga lipo kwa sababu ugonjwa huu, dalili zake zikishaonekana, karibu kila mara huua, nawe kama muuguzi unajua hilo kuliko mimi. Kama utahitaji wakala baadaye, mtafute anayekuambia tarehe usizozipenda.

Sasa nikuambie habari ambayo huenda itakupunguzia mzigo. Majibu ya kile kipimo cha damu hayachakai, ilimradi chanjo inayofuata itolewe kabla ile ya mwanzo haijaisha muda. Yaani, Bosi akiwekwa chipu na kuchanjwa Februari, akatolewa damu Machi kabla hujaondoka, na mtu mwaminifu akahakikisha chanjo yake haipitwi na tarehe, basi kuanzia Juni atakuwa tayari kusafiri, iwe ni Agosti, Desemba au mwaka ujao. Hatua hizi za mwanzo hugharimu sehemu ndogo tu ya zile shilingi 350,000, kwa sababu fedha nyingi huliwa na ndege na kizimba. Ukizianza hujaamua lolote bado, ila usipozianza utakuwa umeamua bila kujua.

Lipo sharti jingine ambalo watu hulisahau. Ili Bosi ahesabiwe kuwa mbwa wa nyumbani anayesafiri na mwenyewe, ni lazima safari yake na yako zisipishane kwa zaidi ya siku 5, hata kama anasindikizwa na mtu mwingine uliyemwandikia idhini. Zikipishana zaidi, huhesabiwa kama bidhaa ya biashara na hufuata masharti mengine yaliyo mazito. Kwa hiyo wazo la kutangulia Aprili kisha “atumwe” Juni si jepesi kama linavyosikika. Njia ya kawaida ni wewe kurudi na kusafiri naye. Na hapa najiuliza, dada yangu: je, hukupanga kurudi kumchukua binti yako mwishoni mwa mwaka? Hilo silisemi kama jibu. Ninalitaja kwa sababu katika barua yako safari ya mtoto na safari ya mbwa zimesimama kama mahasimu, ilhali huenda ni safari moja.

Kuhusu hofu za majirani, nitapita haraka. Sehemu ya ndege wanamowekwa wanyama hupewa hewa ya mgandamizo sawa na ya abiria, na joto lake hudhibitiwa. Hatari kubwa hutokea chini, kizimba kinaposubiri juani au kwenye baridi kabla ya kupakiwa, au wakati wa kubadilisha ndege. Ndiyo maana safari ya moja kwa moja ni bora kuliko ya bei nafuu yenye kusimama mahali, na ndiyo maana baadhi ya mashirika hukataa wanyama katika majira ya joto kali au baridi kali. Wanaoumia zaidi ni mbwa wenye pua fupi, na Bosi, kwa maelezo yako, ana pua ndefu kama mbwa wengi wa kwetu. Hataweza kukaa miguuni pako, kwa kuwa mashirika mengi huruhusu ndani mbwa wasiozidi kilo 8 hivi pamoja na mkoba wao. Kuhusu ukoo, Ujerumani haidai cheti cha nasaba. Inachokataza ni kuingizwa kwa Pitbull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bull Terrier, Bull Terrier na machotara wao. Mwombe daktari aandike wazi kwamba Bosi ni mbwa wa kienyeji wa mchanganyiko, na uweke picha zake pamoja na hati.

Dawa ya usingizi uikatae. Madaktari wa mifugo na mashirika ya ndege huionya vikali, kwa sababu hushusha shinikizo la damu, hudhoofisha pumzi na humnyima mnyama uwezo wa kudhibiti joto la mwili na kujishikilia kizimba kinapotikisika, tena mahali ambapo hakuna wa kumtazama. Kinachomtuliza mbwa ni mazoea. Kizimba kinunuliwe mapema, kiwe na nafasi ya Bosi kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kulala amejinyoosha, na kiwekwe pale varandani mlango ukiwa wazi. Alishwe humo. Baada ya wiki kadhaa mlango ufungwe kwa dakika chache, kisha kwa saa moja, kisha apakiwe kwenye gari akiwa humo hadi Naivasha na kurudi. Shuka kuukuu lenye harufu yenu litandikwe chini. Maji ya chombo cha mlangoni hugandishwa usiku wa kuamkia safari ili yasimwagike wakati wa kubebwa na yayeyuke taratibu angani. Chakula cha mwisho kiwe chepesi, saa kadhaa kabla ya kumkabidhi. Huenda ukaona ninajali sana mambo madogo, lakini nimegundua kwamba watu huulizia sana bei ya tiketi na kusahau kwamba atakayekaa ndani ya kizimba muda wa saa nane na zaidi, kutoka Nairobi hadi Frankfurt, hajawahi kufungiwa maishani.

Kuna pia upande wa kule uendako, ambao barua yako haikuugusa kabisa. Hospitali nyingi huwapokea wauguzi wageni katika nyumba za wafanyakazi, na nyumba hizo mara nyingi haziruhusu mbwa. Hata ukipanga mwenyewe, utahitaji ridhaa ya mwenye nyumba. Manispaa za Ujerumani hutoza kodi ya mbwa kila mwaka, na katika jimbo la Niedersachsen, ambalo Hannover ndiyo mji wake mkuu, bima ya madhara yanayoweza kusababishwa na mbwa ni ya lazima. Hata kwenye treni ya kutoka Frankfurt, mbwa wa ukubwa wake hulipiwa tiketi na kufungwa mdomo. Hayo yote yanawezekana. Swali linalonisumbua zaidi ni zamu zako. Nakuru, ukiwa kazini, Bosi ana geti, ana wapangaji wa ploti, ana binti yako anayerudi kutoka shuleni jioni. Huko atakuwa na chumba kilichofungwa na wewe unayerudi ukiwa umechoka, ukisoma ili vyeti vyako vitambuliwe, katika lugha ambayo bado inakutoa jasho. Je, umemwona Bosi katika chumba hicho, au unamwona bado akikungoja getini?

Sikuulizi ili nikuvunje moyo. Umesema kwamba ukimwacha utahisi umeacha wawili, na mimi nayasoma maneno hayo kwa namna nyingine kidogo. Katika barua nzima, unapomweleza Bosi unamtaja marehemu: kofia ya pikipiki, gambuti, varanda. Unapomtaja mahali anapolala, ni mlangoni pa binti yako. Bosi amebeba vingi vya nyumba hiyo, na ni haki yako kumpenda kwa hayo. Hata hivyo, inafaa ujiulize kama unachoogopa ni kumkosa mbwa, au ni ile jioni ya kwanza ambapo hapatakuwa na kitu chochote karibu nawe kinachomkumbuka mume wako. Kama ni hilo la pili, bado unaweza kumchukua Bosi, lakini utakuwa umejua kwa nini unalipa, na hutamdai mnyama akuponye kitu ambacho hawezi kukiponya peke yake.

Nakuja kwa binti yako. Maneno yake ni mazuri hata yananitia wasiwasi. Mtoto wa miaka 11 anayemwambia mama yake “wewe hutakuwa na mtu” amejitwika kazi ya kumlinda mama, na watoto waliofiwa na baba hufanya hivyo mara nyingi, kimya kimya na kwa ustadi. Ni nani anayemlisha Bosi kila siku? Ni nani anayelala akisikia pumzi yake nyuma ya mlango? Yeye ndiye atakayehama shule, mji na kitanda, na kuagana na mama yake, yote ndani ya muhula mmoja. Huenda kweli anataka uende na mbwa. Huenda pia anakupa kitu anachokihitaji kuliko wewe. Hutajua kwa kumuuliza “unataka Bosi aende?”, kwa sababu jibu analo tayari. Muulize anavyodhani asubuhi zake za Kakamega zitakuwa, kisha unyamaze umsikilize.

Na mama mkwe. Ulilisikia neno lake kama lawama, nami sikatai kwamba lilichoma, hasa kwa kusemwa mbele ya shemeji zako. Lakini lisome tena: anamzungumzia mjukuu zaidi ya mbwa. Huyu ni mama aliyemzika mwanawe, na sasa anaombwa amlee mtoto wa mwanawe huku akisikia kwamba kuna fedha za ndege zinazotafutiwa abiria. Inawezekana anachouliza ni kama kweli utarudi kumchukua mtoto, na lini, na kama fedha zake zipo. Swali hilo lina jibu, na jibu lake halimhusu Bosi hata kidogo. Nenda Kakamega ana kwa ana kabla ya Aprili, ukae naye jikoni, umwonyeshe mpango wa karo, umweleze kwamba viza ya mtoto itategemea nyumba yenye nafasi, mapato ya kutosha na hati kama cheti cha kuzaliwa chake na cheti cha kifo cha baba yake. Hati hizo anza kuzikusanya sasa. Akishaona kwamba safari ya mjukuu ina faili lake, nadhani mazungumzo ya mbwa yatakuwa mepesi zaidi, ingawa sikuahidi.

Hapo ndipo mnaweza kuzungumzia Bosi aishi wapi hadi mwisho wa mwaka. Akienda Kakamega, atakuwa karibu na binti yako, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito mkubwa. Lakini hajazoea mnyororo, na mbwa mgeni anayefunguliwa usiku katika boma jipya anaweza kupigana na wenzake, kupotea akijaribu kurudi alikotoka, au kuokota kupe na magonjwa yao. Mama mkwe hawezi kulazimishwa kumwingiza ndani. Anaweza kuombwa, tuseme, amruhusu alale varandani na asifungwe mchana kutwa, na gharama za chakula, dawa ya kupe na chanjo zitoke kwako waziwazi, zisichanganywe na fedha za mtoto. Akibaki Nakuru kwa rafiki au jirani anayemjua, atakuwa katika mazingira yake na karibu na daktari aliyemchanja, lakini binti yako atakuwa ameagana na wote wawili kwa mara moja. Na kuna uwezekano wa tatu, usiopendeza kuutaja, kwamba apatiwe nyumba mpya moja kwa moja, kwa watu wanaomtaka. Wapo wanaofanya hivyo kwa upendo wote. Ungeweza kukuta kwamba ni afueni, au kwamba ni kidonda ambacho wewe na binti yako mtakigusa kila mkizungumza kwa simu. Hilo mnalijua nyinyi.

Kuna waliomwomba mwajiri asogeze tarehe ya kuanza kazi hadi Juni ili wasafiri na mnyama wao. Sikuzuii kuuliza, ila pima: miezi miwili bila mshahara mpya, viza yenye tarehe zake, na mwajiri ambaye bado hakujui. Kwa upande mwingine, miezi hiyo miwili ungekuwa na binti yako, na pengine hilo ndilo lingekuwa na thamani kuliko hata Bosi kupata tiketi.

Fedha nimeziacha hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu nadhani zimekusumbua isivyo haki. Shilingi 350,000 zilizowekwa kwa karo na nauli ya mtoto si za mbwa, na sidhani kwamba wewe mwenyewe una shaka juu ya hilo, maana ungekwisha kuzilipa. Ukishaanza kazi utaweza kufungua akiba nyingine ndogo yenye jina la Bosi, na kasi yake ya kujaa itakuambia mengi. Ikifika Novemba na bado ni tupu kwa sababu kila senti imeenda kwenye nyumba ya kumpokea binti yako, hutakuwa umemkosea yeyote. Ikiwa imejaa, mtakaa watatu kwa simu, wewe, binti yako na kukhu wake, muulizane upya, na huenda majibu ya watu yakawa yamebadilika kufikia hapo.

Kwa wiki hii, kama utaona inafaa, mpeleke Bosi kwa daktari wa mifugo na uhakikishe kwamba namba ya chipu inasomeka kwa mashine na imeandikwa kwenye kadi kabla ya tarehe ya chanjo. Kisha mwandikie mwajiri wako barua fupi ya kuuliza kama nyumba utakayopewa inaruhusu mbwa, na kama inaruhusu mtoto. Majibu hayo mawili yakifika, niandikie tena.

Mshauri wako